Ng'ombe ameshiba, maziwa yanapungua, na mama mkwe ananishuku

Shikamoo Mzee,

Sijui hata kama hili ni swali la mifugo au la ndoa, ila nimeona nikuletee wewe kwanza.

Nimeolewa Machame, Wilaya ya Hai, miaka sita sasa. Mume wangu ni dereva wa masafa, yuko barabarani kuliko nyumbani. Mwaka juzi alinunua mtamba chotara wa Friziani tukampa jina Tausi. Fedha zilitoka nusu kwake, nusu kwa mama yake. Kwa hiyo Tausi ana wenyewe wawili na mtumishi mmoja, ambaye ni mimi.

Tausi alizaa katikati ya Aprili, uzao wake wa kwanza, ndama jike. Wiki ya pili alikuwa anatoa lita 13 kwa siku. Nyumba nzima ilifurahi, mama mkwe akaniita mwanangu mbele ya wageni. Mwisho wa Mei zikawa 11. Leo ni wiki ya kumi, jana nimekamua lita 8 kwa mikamuo yote miwili. Ndama anakunywa 4 kwa ndoo. Zilizokuwa zikienda kituo cha kukusanyia maziwa zilikuwa 9, sasa ni 4.

Mama mkwe haji bandani kwa sababu ya magoti. Yeye anaona risiti za kituo tu. Juzi, shemeji yangu akiwa amekaa pale pale, alisema: "Ng'ombe hajui kula risiti. Zinaliwa na mtu." Anaamini nampelekea maziwa mama mmoja wa mgahawa pale Kwa Sadala. Mzee, sijawahi hata kumuuzia yule mama kikombe.

Sasa kuhusu chakula. Hori langu halikauki. Kila siku nakata vigogo vya migomba, nimevipima kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani wa kahawa, kilo 25. Majani ya mabingobingo na gwatemala naleta mizigo miwili, jumla kilo 30. Masika yalikuwa makubwa, majani yamenipita kimo. Jioni nampa pumba za mahindi kilo 2. Magadi yapo. Maji ndoo kubwa moja asubuhi na moja jioni. Anakula, anabakiza, tumbo limetuna kama ngoma. Lakini mbavu nazihesabu nikiwa mlangoni. Kinyesi kigumu, kinasimama, kina nyuzi. Na tangu azae sijamwona akipata joto la kutaka dume.

Bwana mifugo wa kata alimpima kwa utepe wa kukadiria uzito: alipozaa alikuwa kilo 420, wiki iliyopita 375. Akasema nimwongezee chakula, akapanda pikipiki. Nimwongezee wapi wakati anabakiza?

Shemeji anataka auzwe kabla hajaanguka. Mama mkwe anasema migomba hiyo hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu, tatizo ni mikono yangu. Naomba unieleze nimekosea wapi.

Mkamuaji, Machame

*

Marahaba mwanangu.

Futa machozi kwanza, halafu tafuta kalamu. Barua yako ina jambo ambalo barua nyingi zinazonifikia hazina: namba. Umepima vigogo, umepima majani, umepima maziwa, na utepe wa bwana mifugo umepima ng'ombe. Kwa namba hizo naweza kukuambia nikiwa hapa nilipo, bila kumwona Tausi, kwamba hakuna lita iliyopotea njiani. Chakula unachomwekea kinalipia lita 6 kwa siku. Hizo nyingine amekuwa akizitoa mwilini mwake. Kwa wiki 10 mmekuwa mkimkamua mgongo.

Nikuonyeshe hesabu, maana utaihitaji mbele ya mama mkwe.

Nguvu iliyomo kwenye chakula cha ng'ombe tunaipima kwa megajuli. Usiogope jina, ichukulie kama shilingi. Ng'ombe wa kilo 400 hutumia kama megajuli 45 kila siku kwa kuishi tu: kupumua, moyo kupiga, kusimama, kucheua, kujipasha moto kwenye ukungu wa huko kwenu mwezi wa sita. Hiyo ni kodi ya nyumba, nayo hailipwi kwa mkopo. Baada ya kodi, kila lita ya maziwa hugharimu kama megajuli 5. Lita 8 ni 40, lita 13 ni 65. Na Tausi ni mzao wa kwanza, mwenyewe bado anakua, kwa hiyo kuna chenji nyingine ndogo inayokwenda kwenye mifupa na misuli yake.

Sasa tuangalie hori. Kilo 25 za vigogo vya migomba zinaonekana nyingi, na zinachosha mgongo kuzibeba. Lakini kigogo cha mgomba ni mtungi wa maji. Katika kila kilo 100, maji ni kama 94. Ukikausha kilo zako 25, unabaki na kilo moja na nusu ya chakula, tena hafifu: megajuli 10 kwa siku nzima. Mabingobingo yaliyokupita kimo, kilo 30, yakikauka ni kilo 6, na kwa ukomavu huo hayatoi zaidi ya megajuli 45. Pumba kilo 2 zinatoa 20. Jumla 75. Toa 45 za kodi, zinabaki 30. Gawanya kwa 5.

Lita 6. Tausi anakupa 8.

Lile pengo analiziba kwa kuyeyusha mafuta na nyama yake. Kila kilo ya mwili anayopoteza inatoa kama megajuli 28, yaani nguvu ya lita 5 na ushee. Amepoteza kilo 45. Piga mwenyewe: katika maziwa yote uliyokamua tangu Aprili, zaidi ya lita 200 hazikutoka horini. Ndiyo maana zilikuwa 13, zikawa 11, sasa 8. Akiba inaisha, naye anashuka taratibu kuelekea kile chakula kinachoweza kulipia. Mwizi hapunguzi maziwa hivyo. Mwizi huchukua lita mbili Jumanne, Jumatano akaogopa.

Ng'ombe kukonda kidogo baada ya kuzaa si ugonjwa. Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati hamu ya kula inachelewa na kufika kileleni wiki kadhaa baadaye. Hapo katikati kila ng'ombe mwenye maziwa mengi hukopa mgongoni. Tofauti ni kwamba mwingine hukopa kilo 20 akaanza kurudisha. Wako amekopa 45 na bado anakopa.

Sasa nije kwenye swali lako gumu, la tumbo linalotuna na ng'ombe anayebakiza. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na ndipo neno "mwongezee chakula" linapokuwa halina msaada.

Ng'ombe hameng'enyi majani mwenyewe. Ndani ya lile tumbo kubwa anafuga mabilioni ya vijidudu, na hao ndio wanaovunja nyuzi za majani. Ng'ombe anakula kazi yao, mwishowe anawala na wao wenyewe. Vijidudu hao nao wana chakula chao, na wanachohitaji kuliko vyote ni protini. Chakula kikavu kikiwa na protini chini ya 7 katika kila 100, wanalegea. Nimekadiria hori lako, linacheza kwenye 6 na nusu. Wafanyakazi wakilegea, majani hayavunjiki upesi, yanakaa tumboni siku nyingi yakisubiri zamu. Tumbo linajaa, halitoi, halipokei. Kwa hiyo Tausi anabakiza huku anakufa njaa. Kile kinyesi kinachosimama na nyuzi zake ni ushahidi ule ule ukiwa umetoka upande wa pili.

Ukimwongezea mzigo wa tatu wa yale mabingobingo ya kimo chako, atabakiza mizigo miwili. Kinachotakiwa ni kubadilisha kinachoingia.

Kabla sijasema kipi, nisimame kidogo kwa mama mkwe wako, kwa sababu kuna jambo analo na hajakosea. Anasema migomba ilimsomesha mwanawe. Naamini. Lakini muulize kwa adabu, Mama, ng'ombe yule alikuwa wa aina gani? Nina hakika atakuambia ni wa kienyeji, mdogo, mwenye nundu, anatoa kibuyu cha asubuhi na nusu kibuyu jioni. Ng'ombe wa kilo 250 kodi yake ni megajuli 31 tu. Mpe lita 2 za maziwa, ongeza kama 10. Jumla 41. Hilo hori unalomwekea Tausi lingemlisha yule ng'ombe wa mama mkwe likabaki. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Tausi hana nundu, ana kiwele, na kiwele kinamwelemea. Mmemleta ng'ombe mwingine mkambakizia hori la zamani, na hilo si kosa la mkwe wala la mama. Vihamba vyetu, haya mashamba ya nyumbani, vimejaa hadithi hii.

Haya, tuingie bandani.

Anza na majani, kwa sababu hayakugharimu fedha. Mabingobingo yakatwe yakiwa kama mita moja, kati ya kiuno na kifua chako, ambayo kwa kawaida ni wiki sita hadi nane tangu ukate mara ya mwisho. Kila siku yanayopita hapo yanageuka kuwa mti. Najua kwa nini watu huyaacha: yakiwa marefu mzigo mmoja unajaa upesi. Unabeba kuni, mwanangu. Lile eneo lililokushinda likate lote sasa. Toa majani na vichwa, mpe Tausi. Mashina magumu tandika bandani yaende kwenye samadi. Kisha ligawe shamba vipande vinane, ukate kipande kimoja kila wiki na kumwaga samadi nyuma yako. Ukimaliza cha nane, cha kwanza kitakuwa kifuani. Katakata vipande vifupi, urefu wa vidole viwili hivi vikilala pamoja, na usiogope akibakiza kidogo. Ng'ombe asiyebakiza kabisa hajapewa nafasi ya kuchagua. Yakiwa laini, kilo 35 mbichi zitampa kama megajuli 50 na protini ya maana.

Vigogo vya migomba punguza hadi kilo 10. Sijasema uviache. Wakati wa ukame vina kazi yake, ni maji yenye nyuzi kidogo, na mama mkwe akipita asikute umeondoa kila kitu chake.

Angalia mpaka wa kihamba. Kama kuna miti ya malisho ya kaliandra au lukina, umelala juu ya mashudu bila kujua. Majaribio yaliyofanywa kwa wafugaji wa Embu, Kenya, miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Ila mpe ikiwa mbichi, siku ile ile uliyokata, kwa sababu ikinyauka haimeng'enywi vizuri. Lukina nayo ni nzuri, lakini isizidi theluthi ya majani yote anayokula. Ina kemikali ambayo ikizidi humfanya ng'ombe apukutike manyoya. Kama mpakani hakuna kitu, panda kaliandra mvua za vuli. Sasa hivi utanunua maganda ya maharage kutoka tambarare. Malori yanapanda nayo msimu huu kutoka upande wa Boma Ng'ombe. Kilo moja na kidogo kwa siku inatosha, na ukipata nafasi ya kuchagua kati ya maganda ya maharage na mabua ya mahindi, chukua maganda. Mabua ni ya kujaza tumbo, na tumbo la Tausi limeshajaa.

Halafu pumba. Kilo 2 peke yake hazifiki, na pumba peke yake haina protini ya kutosha. Lengo lako ni pumba kilo 3 na mashudu ya alizeti kilo moja na nusu kwa siku, ukigawa nusu asubuhi nusu jioni wakati wa kukamua. Mashudu mengi yanatoka Singida na Dodoma. Nunua kipindi hiki cha baada ya mavuno, na kabla ya kulipa ingiza mkono ndani ya gunia uchukue ya katikati. Unuse. Yanayonuka mafuta yaliyochacha, au pumba yenye mabonge na harufu ya uvundo, rudisha hata kama ni nusu bei. Uvundo unakuja na sumukuvu, nayo haiishii kwa ng'ombe. Inapita kwenye maziwa mpaka kwa mtoto wako.

Na hapa nikuonye kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimshauri mzee mmoja apandishe pumba kutoka kilo 1 hadi 6. Sikumwambia apandishe kwa siku ngapi. Akampa zote kesho yake. Nilikuta ng'ombe amelala chini, tumbo limechacha, anahara maji ya kijivu, na mzee amekaa pembeni yake kwenye kigoda ananitazama bila kusema neno. Alipona, lakini lile tazamo ninalo hadi leo. Wale vijidudu wa tumboni waliozoea majani hawawezi kugeuzwa usiku mmoja. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu. Kutoka kilo 2 hadi kilo 4 na nusu itakuchukua wiki mbili. Majani kwanza ndipo pumba, asile pumba tumbo likiwa tupu asubuhi.

Ukifika hapo, hori lako litakuwa na kama megajuli 110 badala ya 75, na protini itakuwa imepita 11 katika 100. Toa kodi, zinabaki 65. Hizo ni lita 11 na kitu kidogo cha kurudisha mgongoni.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Maji: ndoo zako mbili zimetosha kwa sababu vigogo vilikuwa vinamnywesha. Ukipunguza vigogo na kuongeza vikavu, lazima maji yawepo mbele yake mchana na usiku, anywe atakavyo. Tarajia kati ya lita 60 na 80. Magadi: hayana chokaa ya mifupa wala fosforasi, na kila lita ya maziwa inaondoka na zaidi ya gramu moja ya kalisi, yaani hiyo chokaa, kutoka mwilini mwake. Nunua madini ya ng'ombe wa maziwa, mpe gramu 100 kwa siku juu ya pumba, pamoja na chumvi ya kawaida. Minyoo: kama hajapewa dawa tangu azae, mwombe bwana mifugo, na akija aangalie kiwele pia, robo moja moja. Sidhani kama atakuta kitu, lakini sijamwona ng'ombe na yeye atamwona.

Kuhusu joto. Ng'ombe anayepungua mwili hufunga mlango wa uzazi wenyewe. Mwili hauwezi kukubali mimba wakati umeshindwa kulipia maziwa. Akianza kurudisha kilo, mlango hufunguka. Usimlazimishe kwa sindano kabla mbavu hazijapata kifuniko. Kwa kuwa yuko peke yake bandani, hakuna mwenzake wa kumpanda wala wa kupandwa, kwa hiyo dalili zitakuwa ndogo: kulia bila sababu, maziwa kushuka siku moja, ute mwangavu usio na rangi, unaovutika kama ute wa yai. Chungulia alfajiri na kabla ya kulala. Ukikosa siku hiyo utasubiri 21 nyingine. Hapa ndipo fedha ya mashudu inaporudi kweli. Ukipiga hesabu ya maziwa ya Julai na Agosti peke yake, faida ni nyembamba, sitakudanganya. Lakini Tausi akishika mimba mwezi wa nane au wa tisa badala ya mwaka kesho, umeokoa miezi ya kumlisha bure.

Na usitarajie 13 tena. Kilele cha uzao huu kimepita. Wiki tatu za mwanzo huenda ndoo isibadilike hata kidogo, utaona kwanza manyoya yakilala na kung'aa, kinyesi kikilainika, hori likimalizwa. Ndoo itafuata. Ikifika lita 10, tulia hapo. Mwambie na mama mkwe hivyo kabla hujanunua gunia la kwanza, asije akakuhesabia siku.

Shemeji naye: ng'ombe aliyekonda hauzwi kwa mfugaji, anauzwa kwa mchinjaji, kwa bei ya mchinjaji. Mwambie mume wako hivyo kwa simu. Halafu yeye ndiye aseme na mdogo wake. Hilo halikuhusu.

Sasa mama mkwe. Usimpelekee megajuli. Fanya hivi. Pima kilo moja ya kigogo cha mgomba, kikatekate kama unavyomkatia Tausi. Pima kilo moja ya pumba. Tandaza vyote viwili kwenye bati pale anapokaa kuota jua, kila kimoja upande wake, na umwombe akulindie kuku wasivichezee. Usieleze kitu. Jua la mwezi huu ni la kubahatisha, mpe siku nne au tano. Pumba itabaki karibu ile ile. Kigogo kitajikunja na kuwa kama kamba ya kufungia mzigo, ukikikusanya kinaingia kwenye kiganja kimoja, gramu 60 au 70. Mwachie yeye akishike. Mzee wa miaka hiyo, aliyelisha ng'ombe maisha yake yote, hahitaji mtu wa kumtafsiria.

Kuhusu risiti, chora safu tatu kwenye daftari: aliyokunywa ndama, yaliyobaki nyumbani, yaliyokwenda kituoni. Nina wasiwasi kwamba hesabu ya mama mkwe haina ndama ndani yake. Lita 4 ni nyingi zikiwa hazijaandikwa. Na yule ndama wa wiki 10 anza kumpa majani laini na kiganja cha pumba yenye mashudu kila siku. Akiweza kumaliza kama kilo moja kwa siku bila kusukumwa, mwachishe maziwa taratibu, kituo kitapata lita zake.

Halafu mbebee mama kiti hadi bandani jioni moja, magoti au si magoti, akae ukikamua. Si kwa ajili ya ulinzi. Mwombe akushikie taa. Atakapoona mgongo wa Tausi kwa karibu, na wewe ukiwa umepiga magoti chini yake, sidhani kama lile neno la risiti litarudiwa.

Utepe apigwe tena baada ya wiki nne, asubuhi kabla hajala, na mtu yule yule. Ikiwa imesimama 375 au imepanda hata kilo tano, endelea. Ikiwa imeshuka, niandikie haraka pamoja na uzito wa kila kitu kilichoingia horini siku ile, kama ulivyofanya safari hii.